Kiti cha Léocadie

Léocadie, mwanamke wa Luberizi, alikuwa katika mwaka wa saba akipika na kufua katika nyumba ya Bwana Norbert kule Songo, mtaa wa Uvira. Bwana alikuwa karani wa forodha mpakani Kavimvira. Waasi walipoingia Uvira mwaka 1964, yeye alikuwa ameshavukia Burundi. Mkewe, Madamu Charlotte, alichelewa kuvuka.

Waasi walifika saa sita mchana, majani wamejifunga vichwani, wakamkuta Madamu mezani na Léocadie amesimama nyuma yake. Mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya upole, akasema nchi sasa ni ya wote, hakuna tena bwana wala mtumishi. Akamketisha Léocadie, akamwamuru Madamu ampakulie. Wenzake wakasimama dirishani wakitazama mpaka sahani ikawa tupu. Kisha wakaenda zao.

Vita vikaisha, Bwana akarudi, shule zikafunguliwa. Lakini kila siku, saa sita kamili, Madamu alitandaza kitambaa cheupe, akavuta kiti kilekile, akapakua wali na samaki, akasogeza kikopo cha chumvi.

"Njo ukule," alisema, macho chini.

"Madamu, bale bantu balishaenda."

"Kula. Banatuangalia."

Léocadie aligeuka. Dirishani hapakuwa na mtu. Ua ulikuwa mtupu, jua likiwaka. Hata hivyo chumba kilinuka majani mabichi yaliyopondwa, kama siku ile ya waasi. Akakaa, akala. Kuanzia siku ile, kila alipoingia chumbani, harufu ilikuwa imeshamtangulia.

Bwana Norbert, mzee wa kanisa, alizoea kuhubiri kwamba sisi sote ni ndugu. Alipowakuta alifoka: "Aibu gani hii ndani ya nyumba yangu?" Akahamia barazani, akawa anakula peke yake, mgongo ameupa mlango.

Lakini aliyemnyima Léocadie usingizi hakuwa Bwana, wala waasi. Siku moja alisukuma sahani kando.

"Madamu, siku ile balinilazimisha kukaa. Lakini chumvi niliomba miye mwenyewe. Nilitaka uinuke uniletee."

Madamu aliinua uso.

"Nilijua. Nilisikia mu sauti yako." Akakigusa kikopo cha chumvi. "Na miye, miaka saba, sikuinuka hata mara moja kuchukua chumvi yangu."

Akavuta kiti kingine, akakaa. Wakala pamoja. Pazia likatikisika, na nje majani ya migomba yalikuwa yametulia tuli.

Mwisho wa mwezi Léocadie aliaga. Madamu mwenyewe akajitwika furushi la Léocadie kichwani, akalibeba mpaka barabara ya Bukavu, jirani zake wakitoka nje kushangaa. Hakumwachia mzigo mpaka lori lilipofika.

Léocadie alilima mpunga Luberizi hadi uzeeni, wala hakupika tena katika nyumba ya mtu. Alipoulizwa kama Madamu alipona ile hofu ya kutazamwa, alijibu kwamba hajui. Njia nzima Madamu alikuwa akitabasamu, alisema, na hakuwa akimtabasamia yeye wala jirani, bali kando ya barabara, pasipokuwa na mtu.