Joto la Darini

Nyumba tuliyopanga karibu na Cabramatta ni ya zamani, na joto lake linatoka darini. Nyaya zimefichwa ndani ya plasta, kila chumba na swichi yake. Ukiwasha, joto linakushukia utosini taratibu. La sebuleni lilikuwa limekufa kabla hatujahamia. Vilibaki vyumba viwili vya kulala, na mama yangu alipokuja kutoka Kakamega na pumu yake, tulimpa kimoja.

Mama halali bila neti. Nilimwambia hapa hakuna malaria. Akaniuliza kama mbu wa hapa nimewapima mimi. Mume wangu, anayemheshimu mkwewe kupita kiasi, akachukua drili akatoboa dari ili atundike neti. Kukasikika kishindo kidogo, umeme ukajikata. Fundi alisema waya ule ukikatika mahali pamoja, dari nzima imekwisha, na kuurekebisha ni kubomoa plasta yote. Mwenye nyumba akakataa. Tukijaribu hita ya kuchomeka, nyumba nzima inazimika.

Julai hapa, kusini mwa dunia, ndiyo baridi yenyewe. Mama akaanza kukohoa. Nikamsihi ahamie chumbani kwetu, sisi tulale sebuleni. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kwetu mama mkwe haingii chumba cha mume wa bintiye, sembuse kulala kitandani pake. Mume wangu alipomuuliza hali, alimjibu kwamba hasikii baridi, blanketi zinatosha. Nilitaka kupiga mayowe. Niligombana naye, nikagombana na mume wangu, nikaichukia hata ile neti iliyoning'inia pale bila mbu hata mmoja. Chumba chetu kilikuwa na joto kama jikoni, nami nililala humo kwa aibu.

Jumapili moja tulitoka kanisani tukamkuta midomo imegeuka rangi, hawezi kumaliza sentensi. Mume wangu aliita ambulensi, kisha, macho yakiwa ukutani, akamwambia, "Mama, nisamehe, nakubeba."

Akamwinua na blanketi zake, akamlaza kitandani kwetu. Nikawasha swichi hadi mwisho. Nilisubiri mama afoke, anikemee, adai kurudishwa chumbani kwake. Nilimwomba Mungu mama akatae.

Mama aligeuza uso kuelekea darini, akafumba macho.

"Asante, baba," akamwambia mkwewe.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.