Hariri Haifungwi Shingoni

Juzi binti wa kaka yangu kaja kunitazama hapa Chake, Pemba. Kakaa kibarazani, jua la saa saba linachoma, na shingoni kajizungushia skafu ya hariri, kaikaza kwa fundo. Hata mwaka hajatimiza tangu aolewe. Nikamwuliza, mwanangu, joto lote hili? Akanionyesha simu yake, eti kuna mwanamke anafundisha mitindo ya kufunga skafu. Hariri yenyewe nilimtunza mie siku ya harusi yake. Ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama.

Weye hukumjua Bibi, basi ngoja nikueleze. Hariri ile ilitoka Bara Hindi, nyekundu, imepigwa chapa za korosho nyeupe kwa vibao vya mti, na ukiinusa ina udi mpaka kwenye nyuzi. Bibi alitufundisha kuivaa kabla hatujajua kupika uji. Ukienda kumtazama mtu, unaitupia kichwani, ncha moja inalala begani. Ukienda msibani, unaikunja upana na kuilaza mabegani, hutaki mapambo. Ukiisokota na kujifunga kiunoni, hicho ni kibwebwe, na mwanamke wa kwetu hafungi kibwebwe ila kwa ngoma au kwa ugomvi. Shingoni haifungwi. Shingo, akisema Bibi, ni ya mkufu tu.

Mama mdogo alipoolewa, Bibi akampa hariri ile. Mumewe alikuwa mcheza ng'ombe, na kijiji kizima kilimpenda. Karafuu zikishaanikwa na kuuzwa, ng'ombe dume hutolewa uwanjani na kamba ndefu, wanaume wanaishika nyuma, naye anamchokoza kwa kitambaa huku ngoma zinalia na wanawake wanamwimba. Kichwa kilimvimba, lo! Mbele ya ng'ombe aliyefungwa nani asiyekuwa shujaa?

Haukupita muda mama mdogo akaanza kuja kwetu na hariri shingoni, imezungushwa juu mpaka chini ya kidevu. Sauti ilimkwaruza, akituambia ana mafua. Sisi watoto wa kike tukaona huo ndio urembo wa mjini. Mie nikakata kipande cha kanga kuukuu, nikakizungusha shingoni vilevile, na asubuhi ya siku ya mchezo nikaingia nacho jikoni kwa maringo.

Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaniuliza nani kanifundisha ule upuuzi. Nikamwambia, mama mdogo, yeye hufunga hivi kila siku. Mkono wa Bibi ukasita kwenye kifuu. Mama mdogo alipofika kusaidia kupika, Bibi akafunga mlango wa jikoni, nami nimo ndani, akamfungua lile fundo.

Vidole, ndugu yangu. Alama za vidole zilikuwa pande zote mbili za koo, nyeusi, na nyingine za manjano chini yake, za zamani. Mama mdogo hakulia. Alishika magoti ya Bibi, akasema kwa kile kisauti chake kilichokatika:

"Mama, usiseme. Ukisema, nikirudi leo ataniua."

Bibi akaikung'uta hariri, akaisokota mpaka ikawa kama kamba, akajifunga kiunoni. Akatoka na vidole vyeupe kwa nazi. Mie nikamfuata mbio.

Uwanjani mchezo ulikuwa umekolea. Ng'ombe anatoa povu, macho mekundu, na yule mume anarukaruka mbele yake na kitambaa. Kamba saa ile kaishika mjomba peke yake, kaka yake mama mdogo, miguu kaikita mchangani. Bibi alipita katikati ya watu mpaka kwake.

"Legeza kamba," akamwambia.

Mjomba hakumtazama uso. Alitazama kiuno. Kisha akafungua mikono.

Nilisikia mbavu. Mpaka leo nikivunja kuni kavu nazisikia. Ng'ombe alimpiga yule mtu ubavuni, akamwinua, akambwaga, akarudi akampiga tena paja, na mfupa ukatokeza. Ngoma zikanyamaza moja moja. Wanaume walipomvuta ng'ombe pembeni, Bibi akaenda akasimama juu ya yule mume. Damu inamtoka mdomoni. Na mie, nakwambia kweli, nilifurahi.

"Talaka unaweza kuitamka hapo hapo ulipo," Bibi akamwambia. "Mashahidi wamejaa."

Akaitamka. Baadaye wakazuka watu wa kumwuliza shehe wa kijiji kama talaka ya mtu aliyelala chini inasihi. Shehe akajibu kwamba kilichovunjika ni paja, ulimi ulikuwa mzima. Mama mdogo akalala kwetu usiku ule na miaka yote iliyofuata. Sauti haikumrudia sawasawa, lakini alicheka nayo vilevile.

Uwanja ule sasa umejengwa nyumba za matofali. Kijijini kwetu ng'ombe hawachezwi tena. Mjomba kafa, mama mdogo kafa na hariri kaniachia mie, na Bibi hata kaburi lake siku hizi nalitafuta kwa kukisia. Naumia, usione nacheka. Zamani ukipigwa, palikuwa na mtu wa kuilegeza kamba.

Basi pale kibarazani nikamwambia binti yule, hebu nipe hiyo hariri niitazame. Mkono wake ukaruka kwenye fundo, ukalishika.

"Usinifungue, Shangazi," akasema. "Nina mafua."

Sauti ilikuwa imemkwaruza. Nikamtoa kidole kimoja kimoja, nikaifungua mwenyewe. Nikatazama. Kisha nikaikung'uta, nikaisokota, nikajifunga kiunoni, nikamwuliza mumewe saa hizi anashinda wapi.