Kamba ya Shemeji Bauma

Ile habari ya muti ya Kalembe, bote munaielezea mubaya! Leo tena wajukuu wangu wameiharibu. Mimi nilikuwa pale, na shoka mukononi.

Ni wakati wa Babeleji, wale wazungu ya koloni, tunafungua barabara ya Walikale.
Muti mukubwa iko inalia kwaa, kwaa.
Shemeji yangu Bauma anaivuta na kamba, na yeye iko chini ya muti kabisa.

Kapita ya mashoka, musimamizi yetu, anapiga kelele: "Bauma, acha kamba!"
Kapita ya kamba: "Shika! Huyu ni muntu yangu!"
"Na muti ni yangu!"

Kukosea amri ilikuwa fimbo. Bauma ananiita: "Shemeji, nisikie nani?"

Muti ikaanza kuinama.

Nikakimbia, nikakata kamba mbele ya mikono yake. Sasa, hakuna ya kushika, hakuna ya kuacha!
Bauma akaruka pembeni. Buuum!

Muzungu, mukubwa ya barabara, akafika: "Nani alitoa amri?"
Mugongo yangu ikaanza kuuma hata mbele fimbo ifike.
Nikajibu: "Ni muti, Bwana."

Akaangalia muti, akaangalia Bauma na kipande ya kamba mukononi. Akasema: tangu leo, mwenye kushika kamba njo anaamua kuiacha.

Ninyi mungesikia kapita gani?

Haya, ile jibu yangu niliitunga nyuma ya siku nyingi. Siku ile meno ilikuwa inagongana, hata jina yangu singeweza kuitaja.