Mwambie Mkwilima

Kidato cha tatu wangu hapa Katoro wana ugonjwa mmoja: kwao kila mtu "said" tu. Mama analia, said. Askari anatisha watu, said. Mchimbaji amefukiwa shimoni anaomba kamba, naye eti said. Nikisahihisha madaftari yao huwa nasonya peke yangu mpaka walimu wenzangu wanageuka kunitazama.

Juma lile niliwajazia ubao maneno ya Kiingereza ya kupelekea habari, yenye maana ya alishauri, alisihi, alionya, aliahidi, alikataa, alikiri. Nikawaambia, ukibeba maneno ya mtu kuyapeleka kwa mwingine unabeba na moyo wake, kwa hiyo chagua neno litakalovifikisha vyote viwili. Niliyasema hayo kwa kupaza sauti, maana darasa limejaa hadi dirishani na nyuma ya uzio kuna karasha linalosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Niliona nimefundisha vizuri sana. Kisha nikarudi nyumbani kuendelea na kazi yangu nyingine, ya utarishi.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka kwetu, upande wa Mwakitolyo, kunilelea mtoto baada ya likizo ya uzazi kuisha. Na sisi Wasukuma tuna heshima ya ukwe. Mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na ikiwezekana hawasemeshani. Si ugomvi hata kidogo. Kadiri unavyompenda mkwilima wako ndivyo unavyomkwepa, na mama alimkwepa mume wangu kwa mapenzi makubwa.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Alikuja huku kufuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, akawa fundi wa makarasha. Kwao mama mkwe anaamkiwa kwa mikono miwili na kuulizwa amelalaje na goti linaumaje. Ni mtu anayeongea na kila kitu, hata injini huibembeleza kabla ya kuifungua. Kumwambia akae kimya na mama wa mkewe chini ya bati moja ilikuwa adhabu.

Basi nikawa katikati. Mama anakaa chumbani, mume wangu sebuleni, na ukuta wetu haujafika juu, kwa hiyo kila kinachosemwa kinasikika nyumba nzima.

"Mayu," mama ananiita, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, "mwambie mkwilima chai ipo kwenye chupa."

Mume wangu ameshasikia. Chupa anaiona. Lakini anakaa ametulia mpaka nitoke nimwambie chai iko kwenye chupa, ndipo anamimina. Naye akitaka kujua mama ameamkaje, ananiuliza mimi kwa sauti ya kusikika uani, mama anajibu kwa sauti hiyo hiyo, nami narudi kumpelekea jibu ambalo amelisikia kabla yangu. Wakati mwingine nilitamani kuwafungia wote wawili nje.

Lakini macho ya mama hayakuwa jambo la kucheka. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama alimfahamu mwanangu kwa harufu na kwa vidole. Alikuwa akimpapasa paji la uso, pua, kidevu, huku uso wake mwenyewe umeelekea dirishani kwenye mwanga. Kila siku aliniuliza swali lile lile: "Amefanana na nani huyu?" Namjibu bado hajatulia, watoto wanabadilika. Mjukuu alikuwa mapajani mwake kutwa na hajawahi kumwona sura. Nilikuwa nikiingia jikoni nikalie huko.

Ndipo likaja tangazo kwamba madaktari wa macho watakuwa Geita mpaka Ijumaa, kisha wanaondoka. Mimi nilikuwa na wanafunzi wa mtihani, na ruhusa zangu zote nilishazimaliza kwenye uzazi. Dada yangu ameolewa Tabora, kaka zangu wako machimboni. Mume wangu hakusita.

"Mwambie mama nitampeleka mimi mwenyewe. Jirani atatushikia mtoto."

"Mwambie mkwilima ahsante," mama akajibu. "Mie siendi."

Nikatoka nikamwambia, "Amekataa." Akanirudisha, nikaingia nikamwambia mama, "Anakushauri." Siendi. "Anakusihi." Siendi. Nilipandisha neno ngazi kwa ngazi kama nilivyoandika ubaoni, na kila niliporudi sebuleni nilikuwa na lile lile moja: amekataa. Mwisho nikaongeza langu: "Amekataa katakata, achana naye." Mume wangu akainama juu ya vyuma vyake. Nilimjua, alikuwa ameumia. Alidhani mama haamini mikono yake.

Jumanne darasani sauti yangu ikakatika. Nilifungua mdomo niseme, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Wanafunzi walifurahi sana. Mganga wa zahanati akanichungulia kooni na kuniamuru ninyamaze kabisa siku kadhaa.

Jioni ile nyumbani tarishi hakuwapo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba, naona pande zote mbili: huku mama na mtoto mapajani, kule mume wangu na spana. Mama akaniita, "Mayu, mwambie..." kisha akakumbuka. Nilimwona akimgeuza mtoto, akamkalisha vizuri wakaelekeana.

"Haya, mke mwenzangu," akamwambia mjukuu wake, "wewe ndiye mkubwa humu leo. Mwambie baba yako mie kisu sikiogopi. Nimezaa sita, kisu nikiogopee wapi?" Mtoto akamshika kidole. "Mwambie nikifungwa bandeji sioni hata mlango. Nani atanishika mkono? Si yeye? Nimshike mkono mkwilima wangu, mbele ya watu, mchana kweupe? Aibu hiyo nitaishi nayo wapi? Ni afadhali giza. Mwambie hivyo, usimfiche."

Juma zima nilikuwa nimepeleka kukataa, na yeye alikuwa akiona haya. Spana sebuleni ilitulia.

Mume wangu hakuondoka alipokuwa. Alielekeza maneno yake kwa binti yake, polepole, kwa sauti niliyoizoea akibembeleza injini.

"Mwanangu, mwambie bibi nimesikia. Mwambie mkono wake sitaushika. Tutashika kanga. Ncha moja yeye, ncha moja mimi, na kanga yote katikati."

Mama akafikiri.

"Muulize baba yako, kanga ya nani?"

"Mwambie ni ya kwake. Ile ngumu, isiyochanika."

Mama akacheka. Tangu aje sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti mume wangu akiwapo. "Wabeja," akamshukuru mtoto, "wewe ndiye tarishi. Mama yako kazi yake kelele."

Alhamisi kulipokucha waliondoka. Mume wangu mbele, ncha ya kanga imezungushwa ngumini, mama nyuma na ncha yake, uso umefunikwa. Vijana wa bodaboda pale njiani waliwatumbulia macho, mmoja akauliza bibi anauzwa wapi. Mume wangu hakugeuka; alikuwa akikagua mashimo ya barabara, akiliona moja anaivuta kanga kidogo kumwonyesha pa kupita. Nilimpenda asubuhi ile kuliko siku ya harusi yetu.

Hospitalini, alinisimulia baadaye, nesi alimfokea kwa kumburuza mzee wa watu kama mbuzi. Akamjibu, "Huyu ni mama mkwe wangu. Sisi Wasukuma ndivyo tulivyo."

Ijumaa akanipigia simu. Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi.

"Wamefungua bandeji," akasema. "Nesi anasema imekwenda vizuri. Lakini mama ameinamisha uso tu. Haangalii kitu. Ile kanga bado ameing'ang'ania. Sijui kama anaona, na sina wa kumtuma amuulize."

Mchana ule nilifundisha kwa kunong'ona na sikumbuki nilifundisha nini.

Walifika jua likiwa bado juu, vile vile, yeye mbele na mama nyuma, kanga imenyooka katikati. Mama alipita sebuleni ameinama. Nikafika kumpokea, mtoto mgongoni. Hakunisalimia. Akaachia kanga, akamchukua mtoto mgongoni kwangu bila kupapasa, akaenda naye dirishani, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga.

Alimtazama. Alimtazama mpaka mtoto akaanza kununa, akamtazama na kununa kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka na nikaogopa kwa ajili ya dawa.

"Kumbe," mama akasema, "umefanana na baba yako. Pua, paji, mpaka kununa huku."

Ili ajue hivyo ilimlazimu kumtazama mkwilima wake usoni, wazi, kwa jicho jipya, angalau mara moja. Mama alijua kwamba nimejua. Akajifunika kanga na kunipa mgongo.

"Mwambie," akasema.

Nikatoka sebuleni. Mume wangu alikuwa amekaa na viatu vyake vya safari, akisubiri kama kawaida yake, macho yamelowa.

"Mama amesema mtoto amefanana na wewe," nikamwambia.

Akaniomba nirudie.