Magunzi ya Bibi Matiko

Mokami alikuwa na mdomo, asikudanganye mtu. Alipogombea uenyekiti wa kitongoji wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipowashinda wakaanza kumpisha njiani. Mwanamke aliyeuza ndizi soko la Tarime miaka ishirini, mzigo kichwani, kilomita kumi na mbili mpaka kwenye lami, utamtisha na nini?

Wiki ile mtendaji wa kijiji, Steven, alimletea fomu ya kuomba barabara. Mko watu wangapi? Mnasafiri na nini? Kituo cha basi kiko umbali gani?

"Mama mwenyekiti, safari hii usiniangushe," alimwambia. "Mwaka jana mliandika watu mia mbili. Kwa mia mbili nani atawaletea greda?"

Mia mbili! Walikuwa zaidi ya mia nne, na Mokami alijua. Shida ilikuwa bibi zetu. Waulize kuku, watakujibu. Waulize ng'ombe, watakupeleka mpaka zizini. Watoto je? Thubutu! Ukimhesabu mtoto, wanasema, kifo nacho kinasikiliza. Mwenyekiti aliyepita aliogopa laana, akawa anaandika watoto wawili wawili kila mji, yaani kila kaya, na kwenda zake.

Lakini Mokami aliitaka barabara ile kuliko kitu chochote duniani. Masika ya miaka minne iliyopita, yeye ndiye aliyekaa nyuma ya pikipiki akimshikilia Sarah, mke wa mtoto wa Bibi Matiko, uchungu umemkamata. Pikipiki ikazama kwenye tope la korongo, kilomita ya saba. Mtoto alizaliwa pale pale, akapokelewa na kanga ya Mokami. Damu ya mama yake ikakataa kusimama. Tangu siku hiyo Mokami hapiti korongo lile akiongea, yeye na mdomo wake wote.

Alianza na mji wa Bibi Matiko, maana huyo akikubali, wengine hawana la kusema. Alimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja na kalamu, irudishe ulikoitoa."

"Nahesabu ili barabara ije, bibi."

"Watoto si ng'ombe, Mokami."

Mokami akabembeleza. Akamtania kwamba anaficha wajukuu kama magendo ya mpakani Sirari. Bibi akacheka, akajifuta macho, kisha akasukuma ungo mtupu katikati ya uwanja.

"Mimi watu sikuhesabii. Kila mmoja aweke gunzi humu. Magunzi ni kuni tu, hesabu mpaka uchoke."

Lo! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Bibi akaweka lake. Akaja Werema, mume wa marehemu, kisha watoto, wakubwa kwa wadogo. Wa mwisho alikuwa yule wa korongoni, aliyepewa jina la mtu aliyempokea: Mokami mdogo. Aliweka gunzi, akakimbilia kwenye rundo, akarudi na jingine.

"Wajina, wewe si uko mmoja?"

"Hili la mama," mtoto alisema.

Werema aligeukia zizi, akawa anatazama ng'ombe ambao walikuwa wameshaenda malishoni. Mokami alihesabu magunzi tisa. Akalitoa moja taratibu, akaandika nane, maana fomu inataka walio hai. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Na hilo utaliweka wapi?" Bibi Matiko aliuliza.

"Nitapaona pa kuliweka, bibi."

Akaondoka nalo kwenye mkoba. Siku tatu alizunguka na ungo, na hakuna mji uliomkatalia. Walitimia mia nne thelathini na mmoja.

Steven alipoipokea fomu alitabasamu, akasoma akishuka na kidole, mpaka kwenye umbali wa kituo cha basi. Kidole kikasimama. Palikuwa pameandikwa kwa herufi zilizobanana: Kilomita kumi na mbili. Sarah alifika ya saba.

"Mama mwenyekiti," alisema kwa upole, "hapa wanataka namba tu."

"Kwani saba si namba?"