Msafishaji Aliyevishwa Joho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nthiwa Kivuva anaanza kupiga deki kutoka mlango wa lifti, orofa ya nne ya jengo moja katikati ya jiji la Nairobi. Anarudi kinyumenyume, mopu mkononi, asije akakanyaga alipokwisha kusafisha. Akifika katikati ya korido anainua macho kidogo. Ukutani kuna bango la urefu wa mtu mzima, na kwenye bango kuna mwanamume mwenye joho jeusi na kofia ya mahafali, meno yote nje.

Ni yeye mwenyewe.

"Hapa huwa napita haraka," anasema, na kweli anapita haraka.

Saa mbili wanaotaka kujiunga na chuo cha orofa hii wanaanza kufika. Msichana mmoja anatazama bango, anamtazama mtu mwenye ndoo, anarudi kwenye bango. "Sasa? Si wewe ndio ule msee wa Facebook?" anauliza. Nthiwa anamwonyesha mlango wa ofisi ya usajili na kumwomba apite kando, sakafu bado haijakauka.

Nthiwa ana umri wa miaka 33. Anaishi Waithaka, na amesafisha madarasa, ofisi na vyoo vya chuo hiki cha kibinafsi kwa miaka saba. Mshahara wake ni Sh16,200 kwa mwezi. Picha ile ilipopigwa, alikuwa hajawahi kukalia kiti cha darasa lolote humo. Kukipanguza, ndiyo, kila siku.

Ilikuwa Julai mwaka jana, msimu wa kusaka wanafunzi wa Septemba. Mpiga picha alikuwa amekodiwa kwa saa mbili, joho limekodishwa Kenyatta Market, na mwanafunzi aliyepaswa kulivaa hakutokea. Simu yake iliita hadi ikachoka. Afisa wa mauzo wa chuo, Carolyne Nzula, akatoka kwenye korido roho juu, akamkuta Nthiwa akicheka na mlinzi kuhusu mechi ya jana yake.

"Niliona ile cheko yake nikasema basi, huyu ndiye," anakumbuka Carolyne. "Nikamwambia vaa hii, ni dakika tano tu. Hata gambuti za kupigia deki hakuvua. Joho lilifunika."

Nthiwa akapewa soda na shilingi mia tano, akarudi kwenye ndoo yake. Alidhani mambo yameishia hapo.

Carolyne haoni haya kueleza kazi yake. Zamani, anasema, chuo kilitia tangazo magazetini, gazeti hili likiwemo, kikaketi kusubiri wazazi. Siku hizi mzazi hutafutwa kwenye simu yake, na mtoto wake vilevile, na huko ni vita. Katika jengo hilo peke yake kuna vyuo vitatu, na kila kimoja kina ukurasa wa Facebook, wa Tiktok na mtu wa kujibu jumbe. Mwaka juzi aliweka mtandaoni hotuba nzima ya mkurugenzi, dakika kumi na tisa. Waliobonyeza kuipenda walikuwa kumi na mmoja, akiwemo yeye mwenyewe na mke wa mkurugenzi.

Picha ya Nthiwa ilipanda na maneno machache tu: "Mimi nimefika. Wewe je?" Katika wiki tatu ilikuwa imeonwa mara 412,000. Watu walitaka kujua jamaa huyu alisomea nini, karo ni ngapi, na wengine kama ana mke. Septemba walisajiliwa wanafunzi wapya 306. Mwaka uliotangulia walikuwa 140.

"Hakuna mahali tuliandika kwamba amesoma hapa," Carolyne anasisitiza.

Ni kweli, hawakuandika. Wala hawakuandika kwamba ndiye anayesafisha vyoo.

Mtandao hauna mpaka, bwana. Agosti haijaisha, binamu mmoja aliiona picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kufikia jioni kijiji kizima, nje kidogo ya Mwingi, kilikuwa kimepata habari kwamba Nthiwa, kijana wa Kamene, amevaa joho. Pongezi zikamiminika. Hakuna aliyeuliza amesoma lini. Na huyo Nthiwa, ambaye nyumbani alikuwa amesema tu kwamba anafanya usafi katika jengo fulani mjini, akaufyata.

Kimya chake ndicho kilichomponza. Kwao, mtu mwenye busara hatangazi masomo kabla ya kuyamaliza, maana macho ya watu ni mabaya na husuda haina hodi. Kadiri alivyonyamaza, ndivyo walivyozidi kumsifu. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mtu mzima, amejua kuficha jambo lake mpaka likaiva.

Ili kuelewa kwa nini hakukanusha, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka wa 2011. Mwaka huo Nthiwa alimaliza kidato cha nne na kupata C ya kutoa, alama iliyotosha kumpeleka kusomea stashahada. Barua ya kuitwa chuoni ilifika. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake, Bi Kamene, alikuwa akisuka vyondo na kuviuza sokoni, na vyondo vilikuwa vimelipa karo ya sekondari kwa kuvuta na kukata. Ya chuo haikupatikana. Barua ilikaa ndani ya Biblia ya mama mpaka tarehe yake ikapita.

"Hakuwahi kunilaumu," Bi Kamene, ambaye sasa ana miaka 61, anasema kwa simu. "Ni mimi niliyejilaumu. Nilikuwa nikimwona anaenda Nairobi na mfuko wa plastiki, najiambia huyu ni mimi nimemfunga."

Kwa hiyo alipompigia mwanawe simu mwezi ule wa Agosti, alikuwa analia kwa furaha, na mchungaji wa kanisa lao alikuwa kando yake akisikiliza. Nthiwa anasema alifungua mdomo aseme ukweli, akajikuta akisema ahsante. Akamwachia mama furaha yake. Alijua ni makosa, tena alijua siku ile ile.

Maji yalizidi unga Novemba. Mama alipanga sherehe ya kumshukuru Mungu, kanisani, Jumamosi ya pili ya Desemba. Mbaya zaidi, jirani yao, Mzee Ndambuki, aliamua kumpeleka binti yake Jacklyne katika chuo kile kile, Januari, kwa sababu kama kimemtoa Nthiwa, kitamtoa Jacklyne pia. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa fahali wake.

"Aibu yangu ningeimeza," anasema Nthiwa. "Lakini huyo msichana angefika hapa anikute na ndoo. Na baba yake anauza ng'ombe kwa sababu ya sura yangu."

Siku ilifika. Kanisa lilijaa hadi nje. Bi Kamene alikuwa ameketi safu ya kwanza, kitenge kipya, kilemba kimepanda. Mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa na sufuria ziko jikoni. Picha ile ya joho ilikuwa imechapishwa kubwa na kutundikwa kando ya mimbari. Jacklyne aliitwa mbele kuombewa afuate nyayo za kaka yake, kisha Nthiwa akapewa kipaza sauti awape vijana neno.

Akapiga moyo konde. Akawaambia, kwa Kikamba, kwamba lile joho aliazimwa akapigwa picha, hajasoma popote tangu kidato cha nne, na kazi yake katika chuo hicho ni kupiga deki. Akamgeukia Mzee Ndambuki na kumwomba asiuze fahali kwa ajili ya picha. Aende kwanza akaulize chuo kinafundisha nini, kina kibali gani, na waliomaliza wako wapi.

Mtoto alilia mahali fulani nyuma akanyonyeshwa. Mchungaji alitazama chini. Nthiwa alikuwa amesimama kama kuku aliyenyeshewa, hajui arudi kuketi au atoke nje kabisa.

Bi Kamene akainuka. Hakumtazama mwanawe. Alilitazama kanisa.

"Mbuzi wameshachinjwa," akasema. "Watu wale."

Akatoka kwenda kupakua. Watu walikula, wengine kwa haya, wengine kwa hamu kama kawaida. Nthiwa hakupakuliwa na mama yake. Aliletewa sahani na mke wa mchungaji.

Baada ya hapo mama hakupokea simu yake kwa wiki saba. Akipiga, inaita. Akituma ujumbe, hajibiwi, ila jirani humwarifu kwamba mama yu mzima na mvua imenyesha. Anasema hakuna adhabu iliyowahi kumuuma kama hiyo, hata viboko vya utotoni vilikuwa nafuu.

Jacklyne hakuja Nairobi. Baba yake alifunga safari, akauliza aliyoambiwa aulize, hapa na kwingineko, akamwandikisha katika taasisi ya ufundi karibu na nyumbani. Chuo kikampoteza mwanafunzi kwa tangazo lake chenyewe. Carolyne aliposikia alicheka. Mkurugenzi hakucheka.

Mkurugenzi mwenyewe ni Bw Obuya, mtu mchangamfu, mwenye haraka, aliyekubali kuzungumza kwa sharti kwamba chuo kisitajwe jina. Nthiwa aliporudi kazini na kumwomba waiondoe picha, alisikiliza kisa chote hadi mwisho, akapiga meza kwa kiganja. Kisa hicho, alisema, ni kizuri kuliko hata picha. Akatoa pendekezo. Nthiwa asome stashahada miaka miwili bila kulipa karo. Badala yake, chuo kimtengenezee video: anadeki, anaingia darasani, anarudi kijijini, mama anampokea. Ikiwezekana, machozi yawepo.

"Ni hadithi ya kutia moyo," Bw Obuya anasema hadi leo. "Kuna ubaya gani? Yeye angesoma, na sisi tungepata wanafunzi."

Karo ni Sh38,000 kwa muhula, na mihula ni sita. Jumla yake inazidi mshahara wa Nthiwa wa mwaka mzima. Kwa hiyo asije mtu akasema ulikuwa uamuzi mwepesi. Miaka kumi na minne tangu barua ile ichakae ndani ya Biblia, mlango ulikuwa umefunguka, na aliyeketi kizingitini alikuwa mama yake. Kamera ilimtaka mama, na bila yeye hakuna karo ya bure.

Alimtumia mama ujumbe kwamba ni habari ya shule. Jioni hiyo mama akapokea simu. Nthiwa akamweleza yote, karo, video na hata lile la machozi.

"Kama walitaka kunipiga picha nikilia," mama akamwambia, "wangekuja Desemba."

Asubuhi yake Nthiwa alimwambia Bw Obuya ahsante, hapana. Karo ya bure nayo ikaenda na video. Alichobakiwa nacho ni punguzo la robo ambalo wafanyakazi wote hupewa, nalo si haba. Tangu Februari anasomea stashahada ya ununuzi na ugavi, Jumanne na Alhamisi alasiri, na Jumamosi kutwa. Jumapili akitoka kanisani huenda Lavington kufua mazulia katika nyumba mbili, na pesa hizo ndizo zinazojazia muhula.

Darasani walimtania wiki ya kwanza, wakimwita msee wa bango. Wakazoea. Mhadhiri mmoja huingia na kumkuta akifuta ubao kama msafishaji, kisha anamwona akivua ovaroli na kuketi safu ya tatu kama mwanafunzi, na huanza somo bila neno. Mtihani wa kwanza wa hesabu za biashara ulimkaba koo, alipata asilimia 41. Wa pili alipata 63. Mama alitaka kujua alama zote mbili, na ile ya kwanza hakuisamehe.

Carolyne aliitoa picha ile kwenye ukurasa wa chuo mwezi Machi, kwa uamuzi wake mwenyewe, anasema, na amekula lawama zake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye duka la kukodisha majoho Kenyatta Market bado anaitumia kujitangaza. Bango la korido nalo halibanduki mpaka mwaka uishe, kwa sababu Bw Obuya alikwisha kuwalipa wenye jengo nafasi ya ukutani.

Nthiwa anatarajia kumaliza Novemba mwaka ujao. Angependa kazi ya stoo katika hospitali au shule, mahali ambapo mtu anajua kilichoingia na kilichotoka. Akiulizwa kama anaweza kupigwa picha ya gazeti hili, walau akiwa na vitabu, anatikisa kichwa na kuomba radhi kwa upole. Ameagizwa. Ndiyo sababu makala haya hayana picha.

Aliyemwagiza anathibitisha kwa simu kutoka Mwingi.

"Picha nilishaona," anasema Bi Kamene. "Siku ya mahafali nitakuja mwenyewe, nilishike joho lake kwa mkono."