Spika ya Upande wa Kushoto

Leo nimeinua kitambaa cha kufuma kilichofunika spika ya zamani, na ile harufu ya vumbi na dawa nyekundu ya sakafu imenirudisha sebuleni kwetu, Iringa.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Jumapili moja baada ya ibada aliweka kanda ya mazoezi, akakaa katikati ya kochi kubwa, mimi kushoto kwake, nimejikunyata ndani ya sweta. Spika ya kushoto ilitoa sauti za soprano, ya kulia besi.

"Soprano wamepotea," alisema.

Alivilaumu vitambaa vya mama, akavitoa. Soprano hawakurudi. Akaisogeza spika mbali na ukuta, akaipandisha juu ya matofali mawili, akapima kwa kamba ya katani kutoka pale hadi kwenye kochi. Mama alisimama mlangoni, vitambaa vyake mkononi. Mwishowe baba akabadilisha nyaya, ya kushoto akaichomeka kulia na ya kulia kushoto, akarudi kukaa.

Soprano wakasikika safi kabisa. Safari hii waliopotea ni besi.

Kanda iliendelea kuzunguka. Baba aliitazama ile spika ya kushoto kwa muda mrefu, mikono juu ya magoti.

"Wewe unawasikia besi?" aliniuliza.

"Nawasikia vizuri, baba."

Akageuza kichwa, akanielekezea sikio la kulia.

"Umesemaje?"

Nikamwambia hata mimi siwasikii.